Ziwa Lililoua Watu 1,746 kwa Usiku Mmoja, Bila Moto Wala Mafuriko

Usiku wa Agosti 21, 1986, ziwa dogo lililopo kaskazini magharibi mwa Kameruni lilitoa hewa iliyoua watu 1,746 na mifugo ipatayo 3,500. Nyumba zilibaki zimesimama, mazao yalibaki shambani na hakuna moto uliowaka. Watu walikufa vitandani, jikoni na njiani, wengi wao bila hata kujua nini kimewapata.

Ilichukua muda mrefu kwa wanasayansi kukubaliana ni kitu gani kilichotokea. Jambo linalosikitisha zaidi ni kwamba miaka miwili kabla ya maafa hayo ziwa jingine nchini humo humo lilikuwa limeshaua watu kwa namna ile ile, na mtu aliyegundua sababu yake hakusikilizwa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Ziwa lenye hewa ya aina hiyo hiyo, tena nyingi mamia ya mara kuliko ile ya Kameruni, lipo kati ya Rwanda na Kongo, na pembeni yake umo mji wa Goma ambao wakazi wake wanazungumza Kiswahili kila siku.

Usiku wa Alhamisi

Ziwa hilo linaitwa Nyos. Lipo milimani, si mbali na mpaka wa Nigeria. Urefu wake haufiki kilomita mbili na upana wake ni kilomita moja na kidogo, lakini kina chake kinafika meta 208. Maji yake yamekaa ndani ya shimo lililoachwa na volkano ya zamani, na kabla ya siku hiyo yalijulikana kwa rangi yake nzuri ya buluu.

Chini ya ziwa, mabondeni, kulikuwa na vijiji vya wakulima vikiwemo Nyos, Kam, Cha na Subum. Juu zaidi, kwenye miteremko ya milima, waliishi wafugaji wa Kifulani na ng'ombe wao.

Ilikuwa siku ya Alhamisi. Mnamo majira ya saa tatu usiku, watu wengi wakiwa wameshakula na wengine wameshalala, ulisikika mngurumo kutoka upande wa ziwa. Waliokuwa juu ya vilima waliona ukungu mweupe ukipanda kutoka majini. Ndani ya ziwa maji yalirushwa juu na wimbi kubwa likapiga ukingoni na kung'oa mimea hadi urefu wa meta 25 hivi.

Ukungu ule ulikuwa wingu la kabonidayoksaidi, yaani hewa ukaa, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Hewa hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haikupaa angani. Ilimwagika kutoka kwenye ukingo wa ziwa na kuteremka mabondeni kama maji ya mto yanavyoteremka, ikifuata njia zile zile za vijito. Unene wa wingu hilo ulifika makumi ya meta na lilisafiri hadi kilomita 25 kutoka ziwani kabla ya kutawanyika.

Kila mahali lilipopita liliisukuma hewa yenye oksijeni na kukaa mahali pake. Taa za mafuta zilizimika zikiwa bado na mafuta ndani. Watu walianguka pale walipokuwa.

Asubuhi Isiyokuwa na Nzi

Inasimuliwa kwamba siku iliyofuata kuna mtu aliyekuwa anasafiri kwa baiskeli kutoka upande wa Wum kuelekea Nyos. Njiani alimkuta paa amelala chini amekufa. Akaona ni bahati yake, akamfunga kwenye baiskeli na kuendelea na safari. Mbele kidogo akakuta panya waliokufa, kisha mbwa, kisha wanyama wengine. Alipofika kwenye nyumba za watu na kutaka kuuliza kulikoni, akakuta maiti zimetapakaa kila mahali. Aliitupa baiskeli yake na kukimbia kurudi alikotoka.

Waliofika baadaye walishangazwa na kimya kilichokuwepo. Hapakuwa na ndege wala wadudu. Hata nzi, ambao kwa kawaida ndio wa kwanza kufika penye mzoga, hawakuwepo kwa sababu nao walikuwa wamekufa.

Katika kijiji cha Nyos chenyewe watu walionusurika walikuwa wachache mno. Baadhi ya walionusurika katika vijiji vya jirani walizimia kwa masaa mengi, wengine zaidi ya siku nzima, na walipozinduka walikuta wake zao, waume zao na watoto wao wamelala pembeni yao wakiwa wamekufa. Wengi walikuwa na malengelenge mwilini ambayo hawakuyaelewa. Mamia walipelekwa kutibiwa katika hospitali za Wum na Nkambe.

Nalo ziwa lilikuwa limebadilika. Maji ya buluu yalikuwa yamegeuka kuwa mekundu kama kutu, na kimo chake kilikuwa kimeshuka kwa meta moja hivi.

Kwa sababu eneo hilo halikuwa na barabara nzuri wala simu, habari zilichelewa kufika nje. Maiti zilizikwa haraka katika makaburi ya pamoja.

Bomu, Volkano au Uchawi?

Uvumi ulianza mara moja. Siku nne tu baada ya maafa, waziri mkuu wa Israel wa wakati huo, Shimon Peres, aliwasili Kameruni kwa ziara iliyokuwa imepangwa kabla, akiwa ameongozana na timu ya madaktari wa jeshi. Madaktari hao walikuja kusaidia, lakini kwa baadhi ya watu jambo hilo lilikuwa ushahidi tosha kwamba kuna bomu la siri lililokuwa limejaribiwa. Watu wamekufa, nyumba zimebaki. Silaha ya namna gani hiyo kama si ya wakubwa? Uvumi huo haujafa hadi leo.

Wanasayansi kutoka Marekani, Ufaransa, Italia, Uingereza, Japani na kwingineko walimiminika Nyos, na wao pia hawakuelewana. Kundi moja, ambalo mtu wake maarufu alikuwa mtaalamu wa volkano wa Ufaransa Haroun Tazieff, lilisema kwamba volkano iliyopo chini ya ziwa ndiyo iliyolipuka. Kundi jingine lilisema volkano haikulipuka kabisa, ila ziwa lenyewe ndilo lililolipuka.

Walikutana katika mkutano mkubwa mjini Yaounde mwezi Machi 1987 na kubishana. Hoja ya kundi la pili ilikuwa na nguvu zaidi. Kama volkano ingelipuka, maji ya chini ya ziwa yangekuwa ya moto na tope la chini lingekuwa limevurugwa vibaya. Vipimo havikuonyesha hivyo. Pia hapakuwa na dalili za kutosha za gesi za salfa zinazotoka kwenye volkano inayolipuka. Kilichokutwa majini kwa wingi ni hewa ukaa.

Kulikuwa na fumbo moja. Baadhi ya walionusurika walisema walisikia harufu ya mayai viza au ya baruti, na harufu hizo ni za salfa. Hewa ukaa haina harufu. Jibu lililotolewa na madaktari linashangaza: mtu anapovuta hewa ukaa nyingi, fahamu zake huvurugika na anaweza kusikia harufu isiyokuwepo. Jambo hilo lilikuwa limeshaonekana kwa marubani waliowahi kufanyiwa majaribio ya kuvutishwa hewa hiyo.

Onyo Lililopuuzwa

Agosti 15, 1984, yaani miaka miwili na siku sita kabla ya Nyos, watu 37 walikufa alfajiri karibu na ziwa dogo linaloitwa Monoun, kusini zaidi mwa Nyos. Walikutwa wamekufa barabarani, mahali ambapo barabara inashuka bondeni.

Miongoni mwao walikuwemo abiria wa lori. Lori hilo lilipoingia bondeni injini yake ilizimika, kwa sababu injini nayo inahitaji oksijeni kama binadamu. Waliokuwemo wakashuka kuangalia kulikoni, wakaanguka na kufa. Walionusurika ni wawili waliokuwa wamekaa juu kabisa ya lori, ambao vichwa vyao vilikuwa juu ya kiwango cha hewa ile.

Mamlaka zilifikiri kwamba huenda ni shambulio la sumu. Mtaalamu wa volkano kutoka Iceland, Haraldur Sigurdsson, ambaye alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Rhode Island nchini Marekani, alikwenda huko mwaka 1985 kuchunguza. Aliteremsha chupa zake kwenye kina cha ziwa na alipozivuta juu, maji yalitoa mapovu kama soda iliyofunguliwa.

Sigurdsson aliandika kwamba ziwa lilikuwa limejaza hewa ukaa chini yake, kwamba siku hiyo hewa ilitoka kwa mpigo, na kwamba hatari hiyo ilikuwa haijulikani duniani. Alipeleka makala yake kwenye jarida maarufu la Science. Jarida hilo liliikataa, wazo lenyewe likionekana kuwa la ajabu mno. Ziwa kuua watu? Makala ilichapishwa kwenye jarida jingine mwaka 1987, wakati watu wa Nyos walikuwa wameshazikwa.

Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba makala ile ingeokoa maisha ya mtu. Pengine hata ingechapishwa mapema, hakuna ambaye angewahi kwenda kupima Nyos kwa wakati. Lakini ni kweli kwamba sayansi ilikuwa na jibu mkononi kabla ya swali kubwa kufika, na ikaliweka pembeni.

Wapo pia ambao hawakuulizwa. Watu wa milima ile wana hadithi za kale za maziwa yanayohama, yanayopanda na kushuka, na yanayolipuka na kuangamiza watu. Mwanaanthropolojia wa Marekani Eugenia Shanklin, ambaye aliishi miongoni mwa watu wa Kom kabla na baada ya maafa, alizikusanya hadithi hizo. Wageni walizichukulia kuwa ni ngano za wazee. Baada ya 1986 zilianza kusomwa upya, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba wazee wale walikuwa wanasimulia jambo ambalo mababu zao waliliona kwa macho.

Ziwa Linakuwaje Chupa ya Soda?

Chukua chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Ukiitazama huoni povu. Hewa ukaa imo ndani, imeyeyuka kwenye soda na imebanwa na nguvu ya kizibo. Ukiitikisa na kuifungua, nguvu ile inaondoka ghafla, hewa inajitenga na soda na kila kitu kinaruka nje.

Ziwa Nyos ni hivyo hivyo. Chini ya ardhi ya eneo hilo kuna miamba ya moto ambayo inatoa hewa ukaa taratibu mwaka hadi mwaka. Hewa hiyo inapenya kwenye nyufa na kuingia chini ya ziwa. Kule chini, penye kina cha meta 200, uzito wa maji yaliyopo juu unaibana hewa hiyo na kuiyeyusha majini. Uzito wa maji ndio kizibo. Lita moja ya maji ya kina kile ilikuwa imebeba lita kadhaa za gesi.

Katika nchi zenye baridi hali hiyo ni vigumu kutokea. Majira ya baridi yanapofika maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito na kuzama, na maji ya chini yanapanda juu. Ziwa linajigeuza na gesi inatoka kidogo kidogo bila kumdhuru mtu. Katika nchi zetu za joto maji ya juu yanabaki ya vuguvugu mwaka mzima na yanaelea juu ya maji ya baridi ya chini. Kwa hiyo maji ya chini yanaweza kukaa miaka mingi bila kusogea, huku yakiendelea kujaza gesi.

Siku moja kitu kinatikisa chupa. Inaweza kuwa maporomoko ya udongo, upepo mkali au mvua ya baridi. Kilichotikisa Nyos hakijathibitishwa. Maji ya chini yakishainuka kidogo, mapovu yanaanza kutoka. Mapovu yanayafanya maji hayo kuwa mepesi, yanapanda zaidi, na kadiri yanavyopanda yanatoa mapovu mengi zaidi. Hapo hakuna wa kuyazuia.

Ile rangi nyekundu nayo ilipata maelezo. Maji ya chini yalikuwa na madini mengi ya chuma. Yalipofika juu na kukutana na oksijeni, yale madini yakashika kutu.

Bomba Moja Lisilohitaji Umeme

Hatari haikuisha siku ile. Gesi nyingi ilibaki ziwani na nyingine ilikuwa bado inaingia. Bila kufanya kitu, Nyos ingeua tena.

Mhandisi wa Ufaransa Michel Halbwachs na wenzake walikuja na njia ambayo ukielezwa unaona ni rahisi mno. Unateremsha bomba refu kutoka juu ya ziwa hadi karibu na chini. Unatumia pampu kuvuta maji ya chini kwa muda mfupi tu. Maji hayo yakishapanda kidogo ndani ya bomba, mapovu yanaanza na yanayasukuma maji juu yenyewe. Hapo unazima pampu. Bomba linaendelea kurusha maji na gesi usiku na mchana bila umeme na bila mafuta, kwa nguvu ya gesi ile ile iliyokuwa inataka kuua.

Majaribio yalifanyika Monoun mwaka 1992 na Nyos mwaka 1995. Januari 2001, miaka zaidi ya 14 baada ya maafa, bomba la kudumu la kwanza lilianza kazi Nyos, likiwa na urefu wa meta zipatazo 200. Maji yaliruka juu kama meta 50. Monoun ilipata bomba lake mwaka 2003 na Nyos ikaongezewa mabomba mengine mawili mwaka 2011. Kufikia mwaka 2019 wataalamu walisema gesi ya Nyos imepungua kiasi kwamba bomba moja tu linatosha kuondoa ile inayoendelea kuingia.

Ukilinganisha na fedha zinazotumika katika mambo mengine ya dunia, kazi hiyo ilikuwa ya gharama ndogo. Bado ilichukua miaka mingi kuzipata.

Watu maelfu walioondolewa katika vijiji vyao waliwekwa kwenye kambi saba katika maeneo ya jirani. Waliambiwa ni kwa muda. Watoto waliozaliwa kambini wameshakuwa watu wazima. Baadhi ya watu walirudi wenyewe taratibu kulima ardhi ya wazazi wao, ambayo ina rutuba nzuri, na tangu 2017 mkoa huo wa Kaskazini Magharibi umekumbwa na vita kati ya serikali na wapiganaji wanaotaka kujitenga, hivyo wengine wamekimbia kwa mara nyingine.

Mazuku: Neno Letu Kwenye Vitabu vya Sayansi

Sasa tuje kwetu.

Wakazi wa Goma na Sake, mashariki mwa Kongo, walikuwa wanaijua hewa inayoua muda mrefu kabla ya wanasayansi kufika Nyos. Wanaiita mazuku, yaani upepo mbaya. Ni mashimo na mabonde madogo kwenye miamba ya volkano ambamo hewa ukaa inayotoka ardhini hujikusanya. Mbuzi anaingia kula majani na hatoki. Mtoto anamfuata mbuzi naye hatoki.

Neno hilo limeingia katika sayansi ya dunia. Leo mtaalamu wa volkano wa Italia au Ubelgiji anapoandika kuhusu hewa ukaa iliyojikusanya kwenye shimo, anaandika "mazuku" hivyo hivyo, bila kutafsiri.

Mazuku huwa mabaya zaidi usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo wa kuitawanya hewa hiyo. Jua likishawaka na upepo ukaanza, baadhi ya mashimo yanaonekana hayana neno lolote, na hapo ndipo mgeni anapodanganyika. Wenyeji wanajua ni wapi pasipofaa kujenga. Wanaopata shida ni wakimbizi wa vita wanaofika usiku na kujenga vibanda popote penye nafasi.

Kivu: Ziwa Lenye Gesi Mbili

Ziwa Kivu lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000 na kina cha karibu meta 480. Katika maji yake ya chini kumeyeyuka hewa ukaa inayokadiriwa kufikia kilomita za ujazo 300, pamoja na methani kilomita za ujazo 60 hivi. Methani ni gesi inayowaka. Inatengenezwa humo humo ziwani na vijidudu.

Pembezoni mwake wanaishi mamilioni ya watu: Goma, Bukavu, Gisenyi, Kibuye, Cyangugu na vijiji visivyo na idadi. Kaskazini yake imesimama volkano ya Nyiragongo, moja kati ya zile zenye harakati nyingi Afrika.

Januari 17, 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Dunia nzima ilishika pumzi. Bahati nzuri lava ile haikufika kwenye kina kilichohifadhi gesi. Mei 22, 2021, Nyiragongo ilitapika tena na lava ikasimama kwenye viunga vya mji. Siku chache baadaye wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama, kwa sababu vipimo vilionyesha kwamba uji wa moto ulikuwa unatembea chini ya mji na kuelekea chini ya ziwa. Mamia kwa maelfu walitoka kwa miguu kwenda Sake, wengine walivuka kwenda Rwanda na wengine walipanda boti kwenda Bukavu. Uji ule haukutoka tena juu na baadaye watu walirudi.

Miezi michache kabla ya hapo, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimekosa hata fedha za intaneti ya kupokelea taarifa za mitambo yake, baada ya msaada wa Benki ya Dunia kumalizika. Januari 2025 mji wenyewe ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mlima na ziwa havisubiri vita viishe.

Je, Kivu Litalipuka?

Wataalamu wengi wanasema si leo wala kesho. Gesi iliyomo ni nyingi sana kwa hesabu, lakini imetandazwa katika maji mengi mno na bado haijafikia kiwango cha kujitoa yenyewe. Maji ya Kivu pia yamejipanga kwa tabaka imara, na itahitajika nguvu kubwa sana kuyainua. Wasiwasi upo zaidi katika Ghuba ya Kabuno, upande wa kaskazini magharibi, ambako hewa ukaa ipo karibu zaidi na uso wa maji.

Utafiti wa mwaka 2005 ulisema methani ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 15 katika miaka 30, na habari hiyo ilisambaa na kuogopesha wengi. Vipimo vipya vilivyofanyika mwaka 2018 kwa mitambo bora zaidi havikuona ongezeko la namna hiyo. Marekebisho hayo hayakusambaa kama hofu ilivyosambaa.

Upande wa pili, tope la chini ya ziwa linaonyesha dalili kwamba katika miaka elfu kadhaa iliyopita Kivu liliwahi kuvurugika vibaya zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kusema "halitalipuka kamwe" si kweli, na kusema "litalipuka mwaka huu" ni kutisha watu bila sababu.

Kinachotia moyo ni kwamba gesi hiyo hiyo imeanza kuwa mali. Tangu miaka ya 1960 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilikuwa kinachemshia methani ya Kivu. Mwaka 1975 Rwanda na Zaire zilikubaliana kwamba gesi hiyo ni ya nchi zote mbili. Mtambo wa KivuWatt uliopo Kibuye, wenye uwezo wa megawati 26, umekuwa ukizalisha umeme tangu mwisho wa 2015, na baada yake ukajengwa mwingine wa megawati 56 upande wa Rubavu. Yote miwili ipo Rwanda. Mbinu ni ya bomba lile lile la Nyos: maji ya chini yanapanda, gesi inajitenga, methani inachomwa kupata umeme na maji yanarudishwa chini kwa uangalifu ili tabaka zisivurugike.

Upande wa Kongo, ambako umeme ni shida na mkaa unakatwa hadi ndani ya mbuga ya Virunga, mali hiyo bado imelala chini ya maji.

Mambo ya Kukumbuka

Kwa ndugu zetu walio karibu na maeneo ya namna hii, na kwa sisi tulio mbali tunaowapigia simu kila wiki, yapo machache ya kuyashika.

Hewa ukaa hukaa chini. Ukihisi kizunguzungu, pumzi kukata au moyo kwenda mbio ukiwa bondeni au shimoni, panda juu mara moja. Usilale chini na usikimbie kufuata mteremko.

Taa au moto ukizimika wenyewe mahali pa chini, toka. Ukikuta ndege, panya au mbuzi wamekufa shimoni bila jeraha, usiingie.

Mtu akianguka kwenye shimo la namna hiyo, usimfuate wala usimwinamie. Wengi wanaokufa ni wale waliokwenda kuokoa. Mvute kwa kamba ukiwa juu, au subiri wenye mitungi ya oksijeni. Hili linahusu pia visima virefu na mashimo ya maji machafu popote pale, ambako karibu kila tukio utasikia amekufa mmoja kisha na wawili au watatu waliomfuata.

Na wazee wakisema mahali fulani hapajengwi nyumba, waulize kwa nini kabla ya kuwacheka. Watu wa Goma walikuwa na jina la hewa hii kabla maabara za Ulaya hazijawa nalo.